Hipsi 46, kiuno 31: uchambuzi wa gauni moja la harusi

Tumchukue bibi harusi wa Dar es Salaam anayefunga ndoa Desemba. Misa ni saa nane mchana, na ukumbini ni kuanzia saa moja jioni. Urefu wake ni sentimita 157. Anafika kwa fundi zikiwa zimebaki wiki kumi na mbili, na kwenye simu ana picha ya gauni la nguva: satini nyeupe inayong'aa, imebana kuanzia kifuani hadi magotini, kisha imefunguka chini. "Fundi, nataka hili hili, usinibadilishie kitu." Kabla ya kusema ndiyo au hapana, fundi mzuri anamjibu: "Sawa dada, hebu kaa kwanza kwenye kiti nikupime."

Kisa hiki hujirudia kila msimu wa harusi, na kwa kawaida hujibiwa kwa kanuni za haraka: mwenye hipsi pana avae umbo la A (linalobana juu na kupanuka kuelekea chini), mfupi asivae gauni pana, mwenye tumbo avae mkato wa chini ya kifua. Kanuni hizo si uongo, ila hazisemi sababu, na asiyejua sababu hawezi kurekebisha kitu gauni likigoma. Swali lenye faida zaidi ni hili: gauni litashikwa na mwili wapi? Nguva hushikwa na hipsi na mapaja. Gauni la A na lile la ringi (sketi pana yenye pete ya kuitanua ndani) hushikwa na kifua na kiuno, hipsi zinapita chini bila kuguswa. Mkato wa chini ya kifua hushikwa na mbavu peke yake. Ukichagua umbo umechagua kipimo kitakachotawala gauni zima, na umechagua pia ni sehemu gani ya mwili haitapata nafasi ya kukosea.

Vipimo, pamoja na viwili vinavyorukwa

Apimwe akiwa amevaa sidiria ya siku ya harusi na viatu vya siku ya harusi. Kama atavaa nguo ya kubana tumbo, aivae sasa hivi. Nguo hiyo hupunguza kiuno kwa inchi moja hivi, lakini nyama haipotei: hupanda mgongoni chini ya sidiria au hushuka kwenye hipsi. Kisha afungwe lastiki nyembamba kiunoni na aambiwe ainame kulia na kushoto. Lastiki itahama na kutulia penyewe kwenye kiuno halisi, na vipimo vyote vya urefu vitaanzia hapo.

Vipimo vyake kwa inchi ni hivi. Kifua 37, chini ya kifua 32, kiuno 31. Inchi 4 chini ya kiuno ana 40. Penye unene mkubwa wa hipsi, inchi 8½ chini ya kiuno, ana 46. Upana wa mabega ni 14½, na kutoka shingo ya nyuma hadi kiunoni ni 15.

Kipimo cha kwanza kinachorukwa ni hipsi akiwa ameketi. Kwake kinafika 48½, maana mapaja na makalio hutanuka yakikandamizwa na kiti. Gauni lililokatwa kwa 46 na nyongeza ya inchi moja linampendeza akisimama, kisha linamnyima pumzi kwenye meza kuu.

Cha pili ni urefu wa kiuno hadi sakafuni kwa pande tatu. Akiwa na visigino vya inchi 3 ana 42 mbele, 42½ ubavuni na 43½ nyuma. Ile inchi moja na nusu ya tofauti inatokana na makalio, kwa kuwa kitambaa kinapanda juu yake kabla ya kushuka. Sketi ikikatwa urefu mmoja pande zote, upindo wa nyuma huning'inia juu kuliko wa mbele, na mshono wa ubavuni huvutwa kuelekea nyuma badala ya kushuka wima. Watu wataona gauni "limekaa vibaya" bila kujua kwa nini. Wenye makalio yaliyojaa ni wengi mno kwetu kwa kosa hili kuendelea kufanyika.

Sasa tazama namba mbili, 31 na 46. Tofauti ni inchi 15. Majedwali mengi ya magauni ya dukani yamekadiriwa kwa tofauti ya inchi 10 au karibu na hapo. Hiyo ndiyo kesi yenyewe, mengine yote yanatokana nayo.

Kwa nini nguva inamkataa, na ingekubali vipi

Akinunua nguva iliyotengenezwa tayari itabidi achague saizi kwa hipsi, kwa sababu hapo ndipo gauni linaposhika. Saizi ya hipsi 46 itakuja na kiuno cha 36 hivi na kifua cha 43. Kuna inchi 5 za kupunguza kiunoni na 6 kifuani. Zikigawanywa kwenye mishono saba ya gauni la juu (sehemu ya kuanzia kiunoni kwenda juu), kila mshono unaliwa karibu robo tatu ya inchi, hesabu ambayo kwenye karatasi inaonekana nyepesi. Ila mishono hiyo imefunikwa lesi na shanga, kwa hiyo vyote vifumuliwe kwanza. Vikombe vya kifua vinasogea kuelekea katikati na kumkaa mahali si pake. Mashimo ya mikono yanabana. Mara nyingi kazi hiyo hugharimu karibu sawa na kushona gauni la juu upya.

Kushonewa kunaondoa tatizo la kiuno, lakini kunabaki tatizo la mwendo. Siku ya harusi ya Kikristo bibi harusi hasimami kama mdoli wa dukani. Anapanda ngazi za kanisa, anapiga magoti mbele ya altare, anaingia na kutoka garini, anaingia ukumbini akicheza, na usiku anapiga magoti tena kuwalisha keki wazazi na wakwe. Kinachochana gauni hasa ni kushuka na kuinuka. Goti moja hutangulia, jingine hubaki mbele, na kati ya mapaja mawili kitambaa kinahitaji nafasi ambayo nguva iliyobana hadi magotini haina. Nguvu yote inakwenda nyuma, kwenye mwisho wa zipu ya kuficha juu ya makalio, na hapo ndipo inapoachia.

Halafu kuna urefu. Sketi yake ya inchi 42 ikibanwa hadi magotini, zinabaki inchi 20 hivi za mwisho ndizo zinazofunguka, na tatu kati ya hizo ni za kisigino. Mwili unakatwa vipande vitatu na miguu inaonekana mifupi kuliko ilivyo. Wanamitindo wa picha zile kwa kawaida ni warefu, na gauni la maonyesho hubanwa kwa klipu mgongoni ambako kamera haifiki. Bibi harusi anastahili kuelezwa hivyo mapema na kwa upole, asije akadhani kasoro ni ya mwili wake.

Nguva si mwiko, hata kwake. Akishikilia msimamo, sehemu ya kufunguka ipandishwe hadi katikati ya paja, inchi 5 au 6 juu ya goti, likawa gauni la tarumbeta. Kitambaa kiwe krepi nzito inayovutika. Mzunguko wa hipsi ukatwe kwa kipimo cha kuketi, 48½. Nyuma, kuanzia chini ya makalio, ziingizwe pembetatu mbili au tatu za kitambaa kwenye mishono ili hatua ipate nafasi. Atapiga magoti kwa kushikwa mkono na matroni, ila atapiga.

Maumbo mengine, kwa kifupi

Gauni la ringi linashika kifua na kiuno, hivyo hipsi 46 hazina habari. Kasoro zake kwa huyu ni mbili. Marinda yanayokusanywa kiunoni yanaongeza unene mahali ambapo ndipo uzuri wake ulipo. Tena pete ya ringi hupanda mbele anapoketi au kupiga magoti, na mbele ya altare hilo ni jambo la aibu ambalo mpiga picha hawezi kulificha. Akitaka upana, bora gagulo la neti lisilo na pete, na marinda bapa badala ya ya kukusanya.

Mkato wa chini ya kifua unamfaa mwenye kiuno kipana au mjamzito. Kwa huyu kitambaa kinaanguka kutoka kifua cha 37, kinagota kwenye hipsi na makalio, na kiuno cha 31 kinazikwa katikati. Ataonekana mnene bila sababu, na watu watadhani ana mimba. Gauni nyoofu lina shida za nguva bila mapambo ya nguva.

Lililochaguliwa: A iliyobana hadi juu ya hipsi

Jina la umbo la A lilienea kupitia mkusanyo wa Christian Dior wa mwaka 1955, nalo limedumu kwa sababu ya hesabu yake rahisi: gauni linafuata mwili hadi kiunoni, kisha linapanuka kwa mistari iliyonyooka. Lakini bibi harusi huyu anapenda umbo lake lionekane, ndiyo maana alichagua nguva. Kumpa A pana inayoanzia kiunoni moja kwa moja ni kumnyima alichokuja kukitafuta. Suluhisho ni kuendelea kubana kwa inchi 4 chini ya kiuno, halafu kuachia taratibu kabla ya kufika penye unene mkubwa. Mviringo wa hipsi unaonekana unapoanza, lakini unapoishia hapajulikani.

Sketi ikatwe vipande sita: viwili mbele, viwili ubavuni, viwili nyuma. Kiunoni kila kipande kiwe na inchi 5⅓ ili jumla iwe 32. Inchi 4 chini yake kiwe 6⅞, jumla 41 na ushei, yaani inchi moja tu ya nafasi juu ya mwili wake. Penye hipsi kiwe 8⅔, jumla 52. Hapo amepata inchi 6 za nafasi akisimama na 3½ akiketi. Upindo wa chini kila kipande kiwe 24, jumla 144, kama mita 3.65. Chini ya inchi 120 hatua inaanza kubana. Ikizidi 170 gauni linamzidi nguvu mtu wa sentimita 157. Akiba ya mshono iwe inchi moja kila upande, kwa sababu maharusi wengi hukonda kwa pilikapilika au kunenepa kwa vikao vya familia, na mwili hautoi taarifa.

Mbele upindo uwe inchi moja juu ya sakafu, yaani sketi ya 41. Ubavuni na nyuma ziongezwe zile tofauti za makalio kwanza, ndipo uongezwe mkia wa inchi 16 kwenye vipande viwili vya nyuma.

Sehemu ya juu ndiyo inayosawazisha. Mabega ya 14½ ni membamba mbele ya hipsi 46, kwa hiyo shingo iende upande: shingo ya mashua, au V pana inayoanzia karibu na ncha za mabega. Kamba nyembamba zilizosogea shingoni zinayapunguza mabega na hipsi zinaonekana kuongezeka. Mikono mifupi ya lesi yenye upindo uliochongwa inaongeza inchi moja ya upana kila upande kwa macho. Anayetaka mabega wazi amwulize padri au mchungaji mapema, maana si kila kanisa linakubali. Kijakoti cha lesi cha kuvaa kanisani na kuvua ukumbini hutatua jambo hilo bila ugomvi.

Ndani ya gauni la juu viwekwe vijiti vya plastiki nane: viwili mbele pembeni mwa kitovu, viwili kwenye mishono ya kifua, viwili ubavuni, viwili nyuma pembeni mwa zipu. Viishie kiunoni. Vikivuka hadi kwenye hipsi vitamchoma akiketi. Kiunoni ndani ushonewe utepe mgumu wa upana wa inchi moja, wenye kulabu yake nyuma, umefungwa kwa mishono ya mkono sehemu nne au tano. Utepe huo ndio unaobeba uzito wa sketi. Bila huo sketi inalivuta gauni la juu, na bibi harusi anashinda akivuta kifua juu usiku kucha, jambo linaloonekana kwenye kila video.

Kitambaa na kiasi chake

Satini ya kung'aa iachwe. Mwanga unaogonga sehemu iliyojaa unaonyesha kila mkunjo, na taa za ukumbini zinaziongezea hipsi ukubwa. Achukue satini nzito isiyong'aa sana, ile inayosimama yenyewe ukiikunja mkononi. Ukiishika pembe ikaning'inia kama leso, hiyo si yake, itashikamana na mapaja. Rangi ijaribiwe juani mlangoni mwa duka, maana taa za maduka mengi ya Kariakoo huifanya nyeupe ya maziwa ionekane nyeupe pee.

Kwa kitambaa cha upana wa inchi 60, vipande viwili vya sketi vinakaa sambamba. Vyote vielekee upande mmoja, kwa kuwa satini iliyogeuzwa kichwa chini hubadilika rangi kwenye mwanga. Jozi tatu, pamoja na mkia, zinakula karibu mita 3.9. Gauni la juu linahitaji mita 1. Nunua mita 5½, maana ukikosea kipande na kurudi wiki mbili baadaye, jora jingine huenda lisifanane rangi. Bitana mita 5, na ile inayogusa mwili kifuani iwe pamba: Desemba ya Dar ni joto na unyevu, bitana ya nailoni hushika jasho na kuacha madoa makwapani kabla misa haijaisha. Lesi mita 1½. Neti ya gagulo mita 6, tabaka mbili ngumu zianzie chini ya hipsi wala si kiunoni, na tabaka moja laini ndani ili miguu isikwaruzwe.

Gauni la majaribio

Wiki ya kumi kabla ya harusi likatwe gauni la majaribio kwa merikani au shuka ya pamba, lipigwe bandi tu (mishono ya muda inayofumuliwa), bila bitana. Wanaoruka hatua hii hulipia kwenye satini. Bibi harusi alivae na viatu vyake, kisha afanye mambo manne: akae kwenye kiti cha plastiki dakika kumi, apige magoti na kuinuka, apande ngazi tatu, anyanyue mikono kana kwamba anacheza.

Kisha gauni lisomwe. Mikunjo ya kulala nyuma, juu ya makalio, ina sababu mbili zinazofanana kwa sura. Ya kwanza ni hipsi kubana: sketi hupanda kutafuta mahali pembamba, na kitambaa kinachozidi kinajikusanya kiunoni. Dawa ni kuachia mshono upanuke kwenye hipsi. Ya pili ni mgongo uliobonyea ndani juu ya makalio, ambao urefu wake ni mfupi kuliko patani (kiolezo cha kukatia). Dawa ni kutoa kabari ya nusu inchi katikati ya mgongo penye kiuno, ikipungua hadi kuisha kwenye mishono ya ubavuni. Kuzitofautisha, fumua bandi za ubavuni kwenye hipsi. Mikunjo ikiondoka ilikuwa ya kwanza. Fundi anayepunguza kiuno kila anapoona mikunjo kiunoni anaongeza tatizo.

Mistari inayochomoza kama miale kutoka kwenye titi inasema kifua kimekosa nafasi. Kwa huyu, mwenye inchi 5 kati ya kifua na chini ya kifua, itokee isitokee iangaliwe. Nafasi iongezwe kwenye kipande cha mbele peke yake, kwa kuwa kuongeza ubavuni kutalegeza mgongo. Na kama mbele ya sketi inafunguka na kutengeneza mkunjo mkubwa katikati, vipande vya mbele vimekatwa vipana kuliko vya nyuma. Ugawaji upelekwe nyuma.

Satini ikatwe baada ya hapo. Jaribio la pili liwe wiki ya tano, kwa bandi. La tatu liwe wiki ya pili, la upindo tu. Upindo haupimwi bila gagulo ndani, maana neti hunyanyua sketi kwa nusu inchi hadi inchi nzima.

Kama anakodi

Gauni la kukodi halikatwi, linashikizwa. Ndiyo sababu umbo la A linamfaa zaidi mwenye tofauti ya inchi 15: anachagua saizi kwa kifua na kiuno, karibu 37 na 30, na hipsi zinapita zenyewe. Atafute la mgongo wa kamba badala ya zipu. Mgongo huo humpa inchi 3 hadi 4 za kulegeza au kukaza, na ile inchi moja ya kiuno inapatikana hapo. Urefu ukizidi, upunguzwe kwa mshono wa mkono, au viatu viongezwe kisigino. Pini upindoni ziepukwe, visigino vitazikanyaga.

Mkia ukumbini

Mkia wa inchi 16 hauchezeki nao. Nyuma, inchi 3 chini ya kiuno, vishonewe vifungo vitatu vidogo vilivyofunikwa kwa satini ile ile, na upande wa ndani wa mkia viwekwe vitanzi vitatu vya uzi mnene wa nailoni. Nafasi yake haipimwi mezani: bibi harusi asimame na viatu, fundi anyanyue mkia hadi upindo wa nyuma ulingane na wa mbele, ndipo aweke alama. Kifungo cha katikati kishonwe kupitia bitana, kwa sababu uzito wote utaegemea hapo, na satini peke yake itachanika mtu wa kwanza akikanyaga. Matroni aje kwenye jaribio la mwisho afunge na kufungua mara kadhaa hadi aweze bila kuangalia, maana ukumbini atafanya hivyo gizani, mshereheshaji akiwa tayari ameshawaita.